Kukarabati Nyumba na Kupanga Ua: Anza na Njia ya Watu na Njia ya Maji

Mwenye nyumba anapoamua kukarabati, mara nyingi macho yake huenda kwanza kwenye rangi, vigae na taa, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoviona mgeni anapoingia. Lakini nyumba inayowachosha wakazi wake huwachosha kwa mambo mengine: mlango unaogonga kabati kila unapofunguliwa, jiko ambalo mtu mmoja akiinama kufungua oveni mwenzake hawezi kupita, ngazi ambayo kidato kimoja kimezidi vingine kimo, na kizingiti ambacho maji ya mvua hukusanyika mbele yake. Rangi haiondoi kasoro kama hizi. Zinaondoka pale tu unapojua watu wanapita wapi ndani ya nyumba na maji yanapita wapi kuizunguka, na mwongozo huu umepangwa kwa kufuata njia hizo mbili, kuanzia daftari hadi mti wa mwisho.

Hatua ya 1: Iangalie nyumba kabla ya kuigusa

Chora kwenye daftari ramani ya mkono ya nyumba na ua, bila kujali vipimo kwa sasa. Kwa wiki mbili, kila unapomwona mtu anatoka sehemu moja kwenda nyingine, chora kwa penseli mstari unaofuata alikopita. Baada ya siku chache mistari itaanza kulaliana, na penye weusi mwingi ndipo ilipo njia kuu ya nyumba yako. Ukikuta njia hiyo inakatiza katikati ya jiko, au inapita mbele ya watu waliokaa sebuleni, umeshapata kasoro ya kwanza inayostahili kurekebishwa. Andika pia vitu vinavyohifadhiwa mbali na vinapotumika, kama vile taulo zilizo chumba cha mwisho ilhali bafu liko karibu na mlango wa mbele. Kasoro za aina hii hurekebishwa kwa kuhamisha kabati moja, na ni vyema kuzijua kabla hujamwita fundi.

Mvua ikinyesha, vaa koti utoke nje. Hakuna ramani itakayokuonyesha kile ambacho nusu saa ya mvua kubwa itakuonyesha. Angalia maji ya paa yanadondokea wapi, yanaelekea upande gani, yanasimama wapi, na yanachukua muda gani kukauka. Chomeka vijiti kuzunguka dimbwi, kwa sababu jua likitoka hutakumbuka lilikuwa limefika wapi.

Hatua ya 2: Pima na uchore ramani ya kweli

Tumia kipimo cha 1:50, ambapo sentimita 2 kwenye karatasi ni sawa na mita 1 ya nyumba. Pima kila chumba kwa urefu na upana, kisha upime pia kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Mishazari miwili ikitofautiana, chumba hakiko mraba, na ni afadhali ujue leo kuliko siku kabati jipya litakapokataa kukaa sawasawa na ukuta. Onyesha kila mlango pamoja na upande unaofungukia, kila dirisha, kila soketi, na hasa mahali mabomba ya maji safi na maji taka yanapopita. Samani kubwa zikate kwa karatasi ngumu kwa kipimo hichohicho ili uweze kuzisogeza juu ya ramani.

Kwa upande wa nje, onyesha mahali ilipo kaskazini, jua la asubuhi na la alasiri linapopiga, miti iliyopo pamoja na upana wa matawi yake, na mwinuko wa ardhi. Kwa mwinuko, mpira mwembamba unaopitisha mwanga ukijazwa maji unatosha kabisa. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi, wa pili anakwenda na ncha nyingine upande wa pili wa ua, na maji yakitulia, usawa wake huwa mmoja pande zote mbili hata kama nyumba iko katikati yenu. Kila mmoja apime kutoka usawa huo hadi ardhini, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwinuko. Hakikisha tu kwamba hakuna viputo vya hewa ndani ya mpira, kwani kiputo kimoja kinaweza kukudanganya kwa sentimita kadhaa.

Hatua ya 3: Linganisha ramani na mwili wa binadamu

Ramani ikishakamilika, ipime kwa vipimo vya watu watakaoitumia. Ujia wa ndani uwe na upana usiopungua sentimita 90, na ukifika 120 watu wawili hupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Mlango ulioachwa wazi utoe nafasi ya sentimita 80 hivi ili kiti cha magurudumu kipite, na kiti hicho kinahitaji duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ili kigeuke. Hata kama leo hakuna anayekitumia, ninakushauri uiache nafasi hiyo angalau katika bafu moja na katika njia ya kutoka nje, kwa kuwa wakazi huzeeka, huvunjika miguu na hubeba watoto. Nyuma ya kiti cha meza ya kulia acha sentimita 90 ikiwa watu wanapita hapo.

Ngazi ina kanuni yake, inayonasibishwa na François Blondel, mbunifu majengo Mfaransa wa karne ya 17: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na kina cha pale mguu unapokanyaga, kiwe baina ya sentimita 60 na 65. Kwa hiyo kidato chenye kimo cha sentimita 17 na kina cha sentimita 29 hutoa 63, ambayo ni hatua ya mtu mzima anayepanda bila kufikiri. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba vidato vyote vilingane, kwa sababu mguu hujifunza kimo cha vidato viwili vya kwanza na kukitarajia hadi juu. Fundi akiweka vigae juu ya sakafu bila kuweka juu ya ngazi, kidato cha chini hupungua kimo na cha juu huongezeka, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Jiko linahitaji kufikiriwa zaidi kuliko chumba kingine chochote. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, lenye takriban mita 1.9 kwa 3.4, baada ya kuhesabu hatua na miondoko ya mpishi, na katika miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walieneza wazo la pembetatu ya kazi, yaani mistari mitatu inayounganisha jokofu, sinki na jiko la kupikia. Kila mstari uwe baina ya mita 1.2 na 2.7, na yote mitatu isizidi mita 8 kwa jumla. Njia kuu uliyoichora kwa penseli isiikate pembetatu hiyo, kwa maana anayepita hapo hupishana na mtu aliyeshika maji yanayochemka. Acha sehemu ya kuwekea vyombo pande zote mbili za jiko la kupikia ili sufuria ikitolewa ipate pa kutua upesi, na urefu wa meza ya kazi usikubaliwe kwa mazoea: simama, kunja kiwiko, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15 kutoka hapo. Kwa watu wengi itaangukia baina ya sentimita 85 na 95, lakini anayepika kila siku ndiye apimwe.

Hatua ya 4: Jaribu kwa utepe kabla ya kujenga

Niliwahi kuhamisha mlango wa bafu kwa kutegemea ramani peke yake. Kwenye karatasi ulikaa vizuri, lakini ulipokwisha kufungwa tuligundua kwamba unagusa bakuli la kunawia, na aliyemo ndani alilazimika kusogea pembeni ya choo ndipo aweze kuufunga. Tulibomoa fremu ambayo saruji yake haikuwa na wiki mbili. Tangu siku hiyo sikubali mlango wala ukuta wowote ujengwe kabla ya kuchorwa sakafuni.

Nunua utepe wa karatasi unaobanduka bila kuacha gundi. Bandika ukuta mpya sakafuni kwa unene wake halisi, bandika mlango pamoja na upinde unaochorwa na ubao wake unapofunguka, na mahali pa meza au kabati panga masanduku matupu hadi yafikie kimo kinachotakiwa. Kisha ishi hivyo kwa siku tatu. Pita usiku taa ikiwa imezimwa, pita ukiwa umeshika sinia kwa mikono miwili, na mwombe mtoto na mzee wapite pia. Mahali ambapo kila mtu anakanyaga utepe na kuuchana ndipo ukuta wako usipokubalika.

Katika majaribio haya utagundua mara nyingi kwamba badiliko dogo linatosha. Kugeuza mlango ufungukie upande wa pili, kuweka mlango wa kuteleza, kuziba mlango mmoja wa chumba chenye milango mitatu ili ukuta upatikane wa kuwekea kitanda, au kufungua dirisha la kupitishia vyombo kutoka jikoni: kila moja ni kazi ya siku chache na linaweza kukuepusha na kubomoa ukuta mzima.

Hatua ya 5: Ukuta usibomolewe kwa kukisia

Ukuta unaobeba uzito hautambuliki kwa kugongwa ngumi. Angalia kwanza mbao za paa au bamba la zege linaegemea wapi, kama juu yake kuna ukuta mwingine, na kama chini yake kuna msingi. Hata ukishajiridhisha, mhandisi wa majengo ndiye mwenye neno la mwisho, na katika sehemu nyingi kibali cha mamlaka ya ujenzi kinahitajika. Atakapopanga boriti au linta mpya, yaani boriti ya juu ya mlango au dirisha, hakikisha inaegemea ukuta imara kwa kiasi alichokiandika, ambacho kwa kawaida hakipungui sentimita 15 kila upande, na kwamba nguzo za muda zinasimamishwa kabla ya tofali la kwanza kutolewa. Nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za milango ni dalili kwamba nyumba inasogea. Chanzo chake kitafutwe kabla ya kuongeza dirisha au mlango.

Katika nyumba ya zamani kuna hatari mbili zisizoonekana kwa macho: rangi yenye madini ya risasi na mabati au vigae vyenye asbestosi. Usikwangue, usipige msasa wala usivunje kabla ya kupimwa, kwani vumbi lake ndilo lenye madhara, na kuliondoa ni kazi ya watu waliofunzwa.

Hatua ya 6: Bafu, choo na umeme

Panga vyumba vinavyotumia maji viegemeane mgongo kwa mgongo kadiri inavyowezekana, ili mabomba yawe mafupi. Choo ndicho kigumu kuhamisha, kwa sababu bomba lake la milimita 100 linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita, na ukikisogeza mita 4 lazima upate sentimita 10 za kushuka chini ya sakafu. Ukizikosa, kiache mahali pake na usogeze vitu vingine.

Sakafu ya bafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Vigae na saruji iliyo kati yake havizuii maji. Kinachozuia ni tabaka linalopakwa chini ya vigae na kupanda ukutani, hasa kwenye eneo la kuogea. Kabla ya vigae kuwekwa, ziba tundu, jaza maji sakafuni hadi sentimita chache, weka alama ukutani, na uache saa 24. Usawa ukishuka au unyevu ukionekana upande wa pili, tabaka lipakwe upya. Fundi mwenye haraka hatalipenda jaribio hili, lakini mshikilie, kwa maana kubomoa vigae baadaye ni hasara kubwa mara nyingi zaidi ya siku moja ya kusubiri.

Nyaya zifungwe na fundi umeme mwenye leseni, na saketi za bafu, jiko na nje zilindwe kwa swichi inayokata umeme pale unapovuja, ambayo kwa ulinzi wa mtu huwa ya miliampea 30. Kabla ya lipu kupigwa, piga picha kila ukuta ulio wazi huku futikamba imening'inizwa ndani ya picha, ili miaka ijayo ujue bomba na waya viko umbali gani kutoka kona.

Hatua ya 7: Yapeleke maji mbali na nyumba

Rudi sasa kwenye vijiti ulivyochomeka wakati wa mvua. Ardhi inayogusa nyumba inapaswa kuteremka kwa sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo, na udongo ubaki chini ya tabaka la kuzuia unyevu, lile lililolazwa ndani ya ukuta juu ya msingi ili unyevu wa ardhi usipande, kwa sentimita 15 au zaidi. Kosa ninaloliona kila mahali ni kitanda cha maua kilichojazwa udongo mwaka baada ya mwaka hadi ukafikia ukuta juu ya tabaka hilo. Rangi ya ndani inavimba na kubanduka, mwenye nyumba anapaka upya, na tiba iko nje, kwa koleo.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita 120 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, humwaga lita 3,000 kwenye ua wako, na lazima uamue mapema zinaelekea wapi. Tangi la kukingia ni pa kuanzia pazuri, mradi liwe na bomba la kutolea ziada. Ziada hiyo iende kwenye mfereji au shimo la kokoto lililo mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, wala isielekezwe kwa jirani. Kabla ya kuchimba shimo hilo, jaribu udongo: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakiisha kijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo unanyonya vizuri. Yakikaa hadi kesho yake, shimo la kokoto litakuwa dimbwi lililofichwa, na itakubidi uyatoe maji kwa mfereji.

Hatua ya 8: Njia za nje na sehemu za kukaa

Watu hukata kona. Ukitengeneza njia ya pembe mraba kutoka langoni hadi mlangoni huku nyasi zikiwa zimeshakanyagwa kwa mshazari, nyasi ndizo zenye ukweli, na njia ijengwe hapo. Njia kuu iwe na upana wa sentimita 120, na za bustanini 90 zinatosha. Ua mdogo hauhitaji kugawanywa sana: sehemu moja ya kukaa iliyo karibu na jiko na yenye kivuli saa ambazo watu wako nyumbani hutumika zaidi kuliko vibaraza vitatu vilivyotawanyika.

Uimara wa sakafu ya vitofali uko chini yake. Ondoa udongo wote wenye mizizi, weka kifusi cha kokoto kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, shindilia kila tabaka peke yake, kisha utandaze mchanga wa sentimita 3 na kuulainisha kwa ubao ulionyooka. Ili upate kona ya mraba, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Mshazari ukiwa mita 5 kamili, kona iko sawa. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa mita, kutoka kwenye nyumba kwenda nje. Na kabla ya kufunika, laza bomba tupu la plastiki likikatiza chini ya njia, ili siku ukitaka taa au maji upande wa pili usivunje ulichokijenga.

Ukuta unaozuia udongo husukumwa zaidi na maji yaliyokwama nyuma yake kuliko na udongo wenyewe. Jaza kokoto nyuma, acha matundu chini, na ukizidi kimo cha mita 1 upate michoro ya mhandisi. Mahali penye kiti cha magurudumu au mkokoteni, mteremko usizidi 1:12, yaani sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda.

Hatua ya 9: Mimea ije mwisho

Magari, matofali na zege huua mizizi, kwa hiyo panda baada ya mafundi kuondoka, isipokuwa ile miti mikubwa iliyokuwepo, ambayo unapaswa kuizungushia uzio tangu siku ya kwanza ili vifusi visirundikwe chini yake. Chagua mahali pa mti kwa ukubwa wake wa uzeeni, wala si wa mche ulioubeba mkononi. Jua la alasiri huingia likiwa chini kiasi kwamba ukingo wa paa hauwezi kulizuia, na mti uliopandwa upande wa magharibi ndio kivuli chake.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mizizi, lakini lisizidi kina chake, na pale shina linapopanuka kuelekea mizizi pabaki juu ya udongo. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 10 na uyaache mbali kidogo na shina, kwa kuwa yakiligusa hulioza.

Mpangilio wa kazi

Paa na unyevu hutangulia, kisha ubomoaji, mabomba na nyaya, lipu, sakafu, rangi. Nje, mifereji na mabomba ya ardhini hutangulia njia, na njia hutangulia mimea. Zege jipya liwekewe maji kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake huhesabiwa katika siku ya 28, kwa hiyo usikubali liegeshwe mzigo mapema. Tenga asilimia 10 hadi 20 ya fedha kwa yatakayofichuka ukuta ukifunguliwa, na umlipe mkandarasi kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, huku kila badiliko likiandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili. Baki ya malipo iachwe hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Siku hiyo chukua lile daftari la mwanzo, toka nje, na uangalie maji yanapita wapi.